Gari Tuliloingia Kabla Halijaundwa

Nilikuwa nimefundisha uchoraji wa kiufundi kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu hata kimoja nilichochora ubaoni kilichopata kutengenezwa. Wanafunzi wangu walichora bolti, nati, gurudumu lenye meno, pampu iliyokatwa katikati ili uone tumbo lake. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha karatasi zikaenda sokoni kufungia karanga. Sikuona huzuni. Nilidhani kazi ya kuchora hapa Kamina ndivyo ilivyo.

Siku moja wakati wa mapumziko simu yangu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa dawati moja katika shule ya sekondari, aliyekwenda Lubumbashi kusomea uhandisi na kuishia kwenye karakana ndogo yenye wazo kubwa: kuunda gari jepesi la barabara mbovu. Nimemzidi mwaka mmoja tu, lakini tangu zamani ananiita Yaya, kama dada yake mkubwa.

"Yaya, ungali unachora?"

"Kila siku. Ubaoni."

"Acha ubao. Tuko na motokari, lakini ndani yake iko tupu. Minataka weye unichoree mahali bantu batakaa."

Nikamwuliza gari lenyewe liko wapi, nije nilipime. Akacheka mpaka akakohoa. Gari halikuwa mahali popote. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na lingekaa humo hadi waridhike nalo.

Nilichora kwa majuma matatu kwenye meza ya kulia ya mama yangu. Nilipima viti vyake, nikapima magoti ya jirani, nikampima yeye mwenyewe akiwa ameketi anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akanifukuza na futi yangu. Kazi iliyonipendeza kuliko zote ni ile sehemu ya mbele, chini ya kioo, inapokaa mita ya mwendo. Niliichora kwa mstari mmoja tu, kutoka mlango hadi mlango, umepinda kidogo kama ukingo wa mtumbwi wa wavuvi wa ziwa Kisale. Niliufuta na kuurudia mara ishirini. Ulipokaa sawa, nilijikuta nimesimama jikoni nazionyesha sufuria ule mstari.

Nilipiga picha za michoro, nikazituma. Kisha mwenzangu akapanda treni, akafika amechelewa siku mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi, na sanduku la bati ambalo hakukubali mtu yeyote amsaidie kulibeba.

Mchungaji wetu alitupa ukumbi wa parokia kwa juma zima, kwa sharti moja: ifikapo saa kumi alasiri, ukumbi ni wa kwaya. Tukasukuma mabenchi ukutani. Mwenzangu akachora sakafuni kwa chaki umbo la gari zima, urefu na upana wake wa kweli. Katikati tukaweka kiti cha mbao, na mbele yake seremala akatugongomelea usukani uliotoka kwenye lori bovu. Jenereta ikawashwa nje. Ndipo akafungua sanduku na kutoa kaske.

Kaske ni kitu cheusi cha kufunga usoni, kama miwani ya mchomelea vyuma, ila hakuna kioo cha kuonea nje. Unachoona ni kile tu kompyuta inachokuonyesha. Kuna pia vishikizo viwili vya mkononi. Ukivishika, unaona viganja vyako mle ndani, vyeupe kama glovu.

"Ukivaa, utaona motokari kwa ukubwa wake," akaniambia huku akinikaza mkanda kichwani. "Ukigeuka, utaona upande ingine. Ukiinama, utaona chini. Chuma ukishaikata, imekatwa. Humu tunakosea bure."

Akawasha.

Sijui nieleze vipi. Ukumbi wa parokia uliondoka. Mbele yangu palikuwa na gari la kijani, kubwa, limetulia, kama lililoegeshwa na mtu aliyeingia dukani mara moja. Nilipiga hatua nyuma ili nilione vizuri, nikaangukia mabenchi. Nikasikia mwenzangu anapiga kelele, nami nimelala chali nacheka, maana kutoka pale chini nililiona gari kwa chini, ekseli, springi, bomba la moshi, kila kitu safi bila tone la matope. Nikatambaa hadi chini yake. Mwalimu mzima, na sketi ya kazi, natambaa sakafuni kutazama springi ambazo hazipo.

"Yaya, inuka! Ingia ndani!"

Niliingia kwa kupita katikati ya mlango, maana sikukumbuka kuufungua. Nikapapasa kiti, nikaketi. Nikainua kichwa.

Mstari wangu ulikuwa pale. Ulianzia kwenye mlango wa kushoto, ukapita mbele yangu taratibu, ukaenda kupotelea kwenye mlango wa kulia. Si karatasi. Ulikuwa na unene, na kivuli chini yake. Nilinyoosha mkono niuguse, kiganja cheupe kikazama ndani yake, na hapo nikaanza kupiga vigelegele. Vigelegele vya harusi, peke yangu, nimefungwa macho katika ukumbi wa parokia. Mwenzangu alinisimulia baadaye kwamba mlinzi alikuja mbio na fimbo.

Siku ile ya kwanza sikutaka kuivua. Niliivaa hadi kizunguzungu kikanikamata, nikatoka nje kushika ukuta. Jioni nyumbani nilimimina chai pembeni mwa kikombe. Mama akaitazama meza, akanitazama mimi.

"Hiyo kintu yenu inakupa malaria?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa ndani ya motokari."

"Motokari gani?"

"Haiko bado."

Akaifuta meza. Lakini kesho yake, saa tatu, alitokea mlangoni mwa ukumbi amevaa kikwembe, kitenge chake cha Jumapili, na mkoba mkononi.

Mama yangu alikuwa mkunga hadi alipostaafu. Nusu ya maisha yake ya kazi aliimaliza barabarani, nyuma ya malori na magari ya misheni, akitoka vijijini na wanawake wenye uchungu kuja hospitali. Barabara ya Kabondo-Dianda anaijua shimo kwa shimo. Kuna watoto waliozaliwa njiani mikononi mwake, na wapo ambao hawakuwahi kufika. Hao hawazungumzii.

Alivua viatu kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akaturuhusu tumfunge kaske juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alipoliona gari alishusha mkoba wake. Kisha akaliamkia.

"Jambo yako," akaliambia.

Tulimwongoza mpaka kwenye kiti cha abiria. Akanyoosha mkono kushika sehemu ya mbele, ukapita.

"Leza wami! Mungu wangu, mukono yangu imeingia!"

Alirudia mara tano, kila mara akicheka zaidi, mpaka kitambaa kikalegea. Halafu akageuka kutazama nyuma, na kicheko kikapungua.

"Mama wa mimba atalala wapi?"

Mwenzangu akaeleza kwa heshima kwamba gari lina nafasi ya watu sita, na wote wanakaa vizuri, kila mtu na mkanda wake.

"Mwanamuke mwenye uchungu hawezi kukaa, mutoto yangu. Analala. Munataka nimulaze wapi?"

"Labda huku nyuma, Mama, kama tukitoa viti viwili."

"Muvitoe."

Mwenzangu akabonyeza kompyuta, viti vikatoweka. Na Mama, bila kumwuliza mtu, akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, akajilaza chali juu ya sementi ndani ya mistari ya chaki, kaske usoni, mikono juu ya tumbo ambalo halijabeba mimba tangu mimi. Akaanza hata kuugua kidogo, kwa ufundi.

Mwenzangu alitazama sakafuni, kisha akanitazama. Miguu ya Mama ilikuwa imevuka chaki. Akachukua vile vishikizo viwili, akavifunga kwenye vifundo vya miguu yake kwa riboni ya nywele. Kwenye kompyuta viganja viwili vyeupe vikajitokeza nje ya mlango wa nyuma wa gari, vikining'inia hewani, vikitikisika kila Mama alipougua.

Nilianguka tena, safari hii kwa kucheka. Mchungaji aliyekuwa amekuja kututazama alijifuta machozi kwa tai. Mama naye alikuwa anatikisika pale chini, akiuliza, "Iko nini? Iko nini?" na alivyouliza ndivyo viganja vilivyopunga.

Mwenzangu peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti na futi, akipima sentimita ngapi za mama yangu zimebaki nje.

"Tulikuwa tunaenda kuikata hivi," akasema polepole. "Mwezi kesho, Yaya. Chuma ilikuwa inakatwa mwezi kesho."

Ukubwa wa gari ulikuwa umeshaamuliwa, hauwezi kuongezwa. Nafasi ilibidi itoke ndani. Mwenzangu alizungusha gari kwenye kompyuta, akasogeza hiki na kile, na mwishoni akapata njia: kiti cha abiria cha mbele kikunjwe na kusukumwa mbele kabisa, machela ilale upande huo, na mkunga aketi kando yake. Ilienea. Kitu kimoja tu kilizuia. Kiti hakikuweza kusogea mbele bila kugonga mstari wangu.

"Hapana," nikasema.

"Yaya."

"Mama anaweza kukunja magoti."

Nilisema hivyo kweli, mbele ya mama yangu aliyelala sakafuni, aliyefanya kazi ile miaka yote. Sikuona hata aibu. Nilijitetea kwamba mstari huo ndio uzuri wote wa gari, kwamba bila huo litakuwa sanduku la kubebea makaa. Mama akavua kaske, nywele zimemsimama, akaniambia bila hasira hata kidogo:

"Chora ingine."

Niliondoka nimenuna. Nilikula bukari, ugali wa Mama, nikalala mapema. Asubuhi niliamka na wazo tayari mkononi, sijui limetoka wapi. Mstari uanzie pale pale kwenye mlango wa dereva, upite kwenye usukani, kisha ushuke ghafla upande wa abiria na kuacha pango ambalo kiti kinaingia kizima. Nilikwenda ukumbini kabla ya kengele ya shule na karatasi ikiwa bado na makombo ya mkate. Baada ya saa moja nilikuwa nimeketi ndani yake. Haukuwa mzuri kama wa kwanza. Ulikuwa mzuri namna nyingine, na nilipiga vigelegele tena, ila safari hii mlinzi hakujisumbua.

Siku ya tatu alikuja shofere. Alikuwa mzee wa mvi, Mkatoliki kutoka kijiji cha nje ya mji, mtu aliyeendesha malori ya mahindi na samaki wakavu tangu sisi tukiwa shule ya msingi. Tulimwomba aje kwa sababu yeye ndiye angelijua gari kuliko sisi sote. Alisimama mlangoni na mikono kifuani.

"Mie niliendesha motokari ya kweli. Siendeshe ndoto."

"Jaribu kidogo, Papa," mwenzangu akambembeleza. "Dakika tano."

"Mbili."

Mwenzangu alikuwa ameunda kipande cha barabara kutokana na video niliyompigia kwa simu: mchanga, makorongo mawili ya magurudumu, dimbwi ambalo huoni kina chake. Shofere akafungwa kaske. Mikono yake ilipoupata ule usukani wa lori, mwili wake wote ulibadilika. Akakaa upande kidogo, kiwiko nje ya dirisha ambalo halikuwapo. Mguu ukatafuta klachi. Akaanza kwenda.

Dakika mbili zikapita, zikawa kumi. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ghafla akafoka. "We! Toka! Toka pale!" Na kwa kuwa usukani wetu haukuwa na honi, akapiga kwa mdomo: "Piii! Piiiiii!"

Mwenzangu alikuwa amemwekea mbuzi njiani, kwa utani. Shofere akamkwepa, akamtukana mwenye mbuzi, akaendelea. Nilijiuma kidole nisimharibie.

Alipolifikia dimbwi alipunguza mwendo, akajipinda kushoto, ulipo mlango wa dereva, akatoa kichwa nje kutazama chini. Mwenzangu akaruka kutoka kwenye kompyuta.

"Papa! Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Kuchungulia. Ile umefanya sasa."

"Pa potopoto hauangalie mbele," shofere akasema, akishangaa kwamba kuna mtu asiyejua mambo ya matope. "Unaangalia gurudumu. Kama hauione gurudumu, utalala pale."

Akajipinda tena, nasi tukaona kwenye kompyuta. Kichwa chake kilikuwa kinapita katikati ya chuma cha mlango. Dirisha tulilokuwa tumemchorea lilikuwa dogo na juu mno; katika gari la kweli angegonga paji la uso. Mwenzangu mhandisi, mimi, wenzake wote wa karakana, hakuna aliyewahi kuendesha kwenye matope akihitaji kutoa kichwa. Tukashusha ukingo wa dirisha hapo hapo, kidole kimoja kwa kimoja, shofere akichungulia na kusema, "Bado. Bado. Kidogo tena. Njo hapo, inatosha."

Saa kumi kwaya ikaingia na kumkuta katikati ya barabara. Hakuna aliyeimba siku ile. Wote walipanga mstari kuvaa kaske, soprano kwanza, na yule wa besi mwenye sauti ya ng'ombe alipiga mayowe kwenye dimbwi akaruka kutoka kitini.

Mwenzangu aliondoka Jumamosi na daftari lililojaa, nami nikarudi kwenye bolti na nati. Miezi ikapita. Nilianza kuona aibu watu wakiniuliza motokari yenu iko wapi.

Ilikuja kwa treni ya mizigo, mwanzo wa mvua, imefungwa kwa minyororo juu ya behewa wazi. Ilikuwa ya kijani. Mwenzangu aliketi juu ya madigadi ya tairi yake kama mwanamke anayelinda magunia yake, amelowa, ananipungia mikono yote miwili. Shofere naye alikuja stesheni kuipokea, amevaa koti. Tuliiteremsha kwa mbao, nami nikaizunguka nikiigusa. Mkono haukupita. Niligonga mlango kwa vidole, ukalia kama mlango. Niligonga tena.

Kesho yake tukaipeleka barabarani: shofere kwenye usukani, mwenzangu katikati na daftari, mimi na Mama nyuma. Mama alikataa kukaa. Aliagiza kiti kikunjwe, akalala kwenye machela, miguu yake yote ndani, akasema anataka kujua mgonjwa atasikia nini. Alitoa taarifa kila baada ya shimo. "Hapa muzuri." "Hapa mutaniua." "Andika: kichwa inagonga."

Kaske ilikuwa imetuonyesha mengi, lakini haikuwa na harufu ya mafuta, wala joto, wala jua la saa saba. Tulipotoka kwenye miti, mwanga ukapiga juu ya mstari wangu uliong'arishwa vizuri na kurudi moja kwa moja kwenye kioo.

"Mwalimu," shofere akasema, amekunja uso wote, "ubao yako inaniunguza macho."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria jua. Mama akafungua kikwembe chake cha juu akiwa amelala, akanipitishia, nikakitandika mbele juu ya kazi yangu ya majuma. Ndivyo tulivyoendelea, na maua mekundu chini ya kioo, mwenzangu akiandika huku anacheka: *rangi isiyong'aa*.

Tulikwama kilometa chache mbele, kwenye dimbwi halisi. Shofere alitoa kichwa, dirisha likamtosha, akaliona gurudumu vizuri sana likizama. Tulisukuma. Mwenzangu alipoteza kiatu. Wanawake waliotoka shambani waliweka vikapu vyao chini wakasukuma nasi, na mmoja, alipoambiwa kwamba motokari hii tuliwahi kuiingia kabla haijakuwapo, alimtazama Mama anayeteremka kwenye machela bila ugonjwa wowote, akasema, "Wafwako," kwa sauti ya mtu anayeshukuru ili aondoke salama.

Gari lilipotoka, shofere alifuta mikono yake, akakikunjua kiti cha abiria, akaufungua mlango wa dereva, akaniambia niingie, yeye akae pembeni. Nikamwambia sijawahi kuendesha gari.

"Uliichora," akasema. "Ingia."

Ilizimika mara tatu. Mara ya nne ikashika, ikaruka kama mbuzi, kisha ikanyooka. Barabara ilikuwa tupu, nyekundu, imelowa. Mwenzangu alikuwa anapiga makofi na kiatu kimoja mguuni. Mama nyuma alikuwa anaimba pambio la kanisa, kisha akaacha, akapaza sauti niongeze gia, na mimi nikawa nauliza kwa kelele, "Mguu gani, Papa? Mguu gani?"

"Kushoto! Kushoto, mwalimu!"

Nikakanyaga kushoto. Nikasukuma gia. Ikaingia.